Nani Atamsindikiza Mzee Mpaka Sokoni?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama watoto unayesoma gazeti hili huku sufuria iko motoni, katika ukurasa huu umezoea kusoma habari za kaske, viatu vya kazi, maji ya kuchemsha na chandarua. Leo nataka tuongee juu ya ugonjwa ambao darubini ya laboratwari haiwezi kuuona. Lakini unaumiza watu, unavunja mifupa, na mara nyingine unaua. Ni ugonjwa wa kumtazama mtu usoni na kumwekea kosa ambalo hakulifanya.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2020, mwezi wa nne, nilikuwa kazini dispansere asubuhi. Corona ilikuwa imekwisha kuingia nchini kwetu. Wagonjwa walikuwa wanangoja kwenye kiti kirefu cha baraza, kila mtu na kashene mdomoni. Akaja fundi mmoja Mchina wa kampuni ya jirani. Kidole chake kilikuwa kimepondwa na mashine, damu inapita katika kitambaa. Alipokaa tu, watu wanne wakasimama pamoja kama waliokanyaga siafu. Mmoja akasema kwa sauti: « Hawa ndio waliotuletea corona. »

Yule fundi hakujua Kiswahili kingi, lakini neno corona alilisikia. Na alikuwa na miaka mitatu hapa Katanga bila kurudi kwao hata mara moja. Hiyo corona angeitoa wapi? Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na karatasi mkononi. Nilinyamaza. Mama mmoja mzee, mjane wa mfanyakazi wa zamani, akaja polepole, akakaa kwenye kiti kile kile, akaacha mita moja katikati yao kama tulivyofundisha, akaonyesha kile kidole na kusema: « Pole baba. Umeumia wapi? » Wale wanne wakatazama chini. Hapo ndipo miguu yangu ilipopata nguvu nikaenda kumchukua mgonjwa.

Baadaye nilifuata habari za Marekani, nikaona kwamba kule jambo hili lilikuwa kubwa kupita la baraza yetu. Ni vema uzijue habari zile, maana watu wa kawaida, si wakubwa tu, walitafuta dawa yake kwa mikono yao.

Katika Marekani kuna watu zaidi ya milioni 20 ambao asili yao ni Asia: Wachina, Wahindi, Wafilipino, Wavietnamu, Wakorea, Wajapani na wengine. Baadhi yao walizaliwa kule kule, na wengine hata babu zao walizaliwa kule. Corona ilipoingia, Donald Trump, ambaye alikuwa rais wakati ule, aliiita mbele ya watu wote virusi vya Kichina. Njiani na sokoni watu wakaanza kutemewa mate, kusukumwa, kufukuzwa ndani ya basi, kuambiwa warudi kwao. Aliyetemewa mate hakuulizwa kwanza kama yeye ni Mchina ao Mkorea. Macho yake yalitosha.

Tarehe 28 Januari 1921 nilitaka kuandika, kumbe ni 2021, maana habari hizi zinafanana na za zamani mno. Siku ile, katika mji wa San Francisco, mzee Vicha Ratanapakdee, mwenye asili ya Thailand na miaka 84, alitoka asubuhi kunyosha miguu kama alivyozoea. Kijana mmoja akaja mbio, akamwangusha kwa nguvu. Mzee alikufa baada ya siku mbili. Jamaa yake walisema aliuawa juu ya sura yake. Kisha, tarehe 16 Machi 2021, mtu mwenye bunduki alizunguka nyumba tatu za kukanda mwili katika Atlanta na pembeni yake. Watu 8 wakafa. 6 kati yao walikuwa wanawake wenye asili ya Asia, waliokuwa kazini.

Usifikiri kwamba corona ndiyo iliyozaa chuki ile. Iliikuta imelala, ikaiamsha. Wewe unayeshuka mgodini, sikiliza habari hii, maana ni ya wachimbaji kama wewe.

Katika Wyoming, mahali panapoitwa Rock Springs, kulikuwa na migodi ya makaa ya mawe ya kampuni ya reli ya Union Pacific. Mwaka 1875 wachimbaji Wazungu waligoma juu ya mshahara. Kampuni ikaleta Wachina, ambao walikubali kulipwa kidogo. Miaka kumi ilipopita, Wachina walikuwa wengi kupita Wazungu mgodini. Kila mtu alilipwa kwa tani alizotoa. Basi unafahamu maana ya kupewa mahali penye makaa mazuri na maana ya kupewa mahali pa mawe matupu. Asubuhi ya tarehe 2 Septemba 1885, katika mgodi namba 6, ugomvi ulianza juu ya mahali pazuri: nani atapachimba? Walipigana kwa vyombo vya kazi. Wazungu wakatoka mgodini, wakaenda kutafuta bunduki, na mchana wakazunguka mtaa wa Wachina. Walipiga risasi watu waliokuwa wanakimbia. Walichoma nyumba, na ndani ya nyumba nyingine watu walikuwa wamejificha. Wachina 28 waliuawa, 15 wakaumizwa. Wengine walikimbilia porini bila maji wala chakula.

Watu 16 walikamatwa. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa. Waliookoka waliingizwa katika treni, wakaambiwa wanapelekwa San Francisco. Treni ikawarudisha Rock Springs, askari wakiwa pembeni, waanze kazi tena kati ya majivu ya nyumba zao.

Sasa nikuulize, ndugu: mchimbaji Mzungu alipata faida gani siku ile? Mshahara wake haukupanda hata kidogo. Aliyeshusha bei ya tani hakuwa yule Mchina mwenye njaa. Walikuwa wale waliotumia njaa ya huyu kumtisha yule. Bunduki ilielekezwa kwa mtu wa karibu, kwa sababu yule wa mbali haonekani.

Jambo lile lilirudi karibu miaka mia moja baadaye, katika Detroit, mji wa viwanda vya motokari. Wakati ule motokari za Japani zilikuwa zinanunuliwa sana, na viwanda vya Detroit vilikuwa vinafukuza wafanyakazi. Mwezi wa sita 1982, kijana Vincent Chin, mwenye miaka 27, alikuwa na rafiki zake wanafurahia ndoa yake iliyokaribia. Kapita mmoja wa kiwanda na mwana wa kambo wake, ambaye alikuwa amepoteza kazi, waligombana naye, na shahidi mmoja alisema alisikia lawama za kupoteza kazi. Wakamfuata njiani na kumpiga kichwani kwa fimbo ya mchezo wa besiboli. Alikufa tarehe 23 Juni. Na huyu Vincent hakuwa hata Mjapani, alikuwa Mchina. Tarehe 16 Machi 1983 mwamuzi aliwapa wale wawili hukumu ya kuangaliwa miaka mitatu bila kufungwa, na kulipa dola 3,000 kila mmoja, pamoja na feza za mahakama. Ni bei ya motokari ya zamani.

Lakini ni pale ndipo watu walipoamka. Mama yake, Lily Chin, alipita mji kwa mji akisema habari ya mwana wake. Wachina, Wajapani, Wakorea na Wafilipino, ambao mbele kila mmoja alikuwa anakaa upande wake, waliunda chama kimoja, American Citizens for Justice. Walipata kesi mpya mbele ya mahakama ya taifa. Mwisho wake haukuwa mzuri: yule kapita alihukumiwa mwaka 1984, hukumu ikavunjwa, na mwaka 1987 akaachiliwa. Hakukaa gerezani kwa hukumu ile. Hata hivyo watu walikuwa wamejifunza kukaa pamoja, na corona ilipokuja hawakuanza na mikono mitupu.

Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kuandika. Tarehe 19 Machi 2020, vyama viwili vya California pamoja na walimu wa chuo kikuu cha San Francisco State walianzisha kazi inayoitwa Stop AAPI Hate. Mtu aliyetukanwa, aliyetemewa mate ao aliyepigwa aliweza kuandika habari yake kwa lugha anayoijua, bila kwenda polisi. Jambo hili lilikuwa na maana, kwa sababu bibi mzee asiyejua Kiingereza, ao mtu mwenye makaratasi yasiyo kamili, hawezi kuingia kituo cha polisi bila woga. Mpaka mwisho wa Machi 2022, habari karibu 11,500 zilikuwa zimeandikwa.

Sehemu mbili kwa tatu za habari zile zilikuwa maneno: matusi, vitisho, kelele. Utasema: maneno hayavunji mfupa. Mimi ninayeshika daftari la aksida najibu hivi. Mgodini tunaandika nini? Hatuandiki mguu uliokatika peke yake. Tunaandika hata jiwe lililoanguka karibu na mtu bila kumgusa, kamba iliyoanza kukatika, taa iliyozimika kidogo. Juu ya nini? Kwa sababu jiwe dogo linatuambia dari ni mbaya. Asiyeandika jiwe dogo ataandika maiti. Wale watu wa California walifanya vilevile kwa matusi. Na walipokwenda mbele ya wakubwa wa serikali, hawakwenda na machozi matupu, walikwenda na daftari.

Jambo la pili ni lile lililonipa jina la habari hii. Katika Oakland, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, kuna mtaa wa zamani wa Wachina, wenye maduka ya mboga, samaki na dawa za majani. Mwanzo wa mwaka 2021 wazee walikuwa wanaibiwa na kuangushwa pale. Wengi wakaacha kutoka. Hapa naongea kama mtu wa dawa: mzee asiyetoka hanunui mboga mpya, hafiki kupimwa damu na sukari, dawa zinamwishia ndani ya nyumba, miguu inakauka. Woga peke yake unatosha kumlaza mtu kitandani. Basi mwezi wa pili, kijana mmoja, ambaye hakuwa wa asili ya Asia, alitangaza kwamba yuko tayari kumsindikiza bure mzee yeyote anayeogopa kutembea. Alifikiri atapata mzee mmoja ao wawili. Kumbe watu waliotaka kusindikiza pamoja naye walifika mamia. Wakaunda kikundi, Compassion in Oakland.

Kazi yenyewe haina siri. Mzee anapiga simu, anasema anataka kwenda banki, sokoni ao kwa munganga. Mtu anakuja, anatembea pembeni yake, anabeba kapu, anamrudisha. Wengine hawakujua hata neno moja la Kichina. Walitembea kimya, na mzee alifurahi vilevile. Kati yao kulikuwa Weusi, Wazungu, na watu wenye asili ya Mexico na nchi za kusini. Jambo hili nalitaja kwa sababu kulikuwa na watu waliotaka kugeuza habari hii kuwa ugomvi wa Weusi na Waasia. Wale waliobeba makapu hawakukubali.

New York nako vikundi vya kusindikiza vilizaliwa, na wengine waligawa filimbi na vyombo vidogo vya kupiga kelele ambavyo mtu anaviweka mfukoni. Mwanamke mmoja wa kule, ambaye mwenyewe alianza kuogopa treni ya chini ya ardhi, alitoa feza zake kulipia taxi za wanawake na wazee wenye asili ya Asia. Wengine wakaongeza. Kwa muda mfupi mfuko ule ulipita dola 100,000.

Si kila jambo lilikuwa na masikilizano. Wenye maduka wengi walitaka polisi waongezwe katika mitaa. Vijana wengi walisema polisi wanafika baada ya pigo, na kwamba mitaa mingine imekwisha kuumizwa na polisi wenyewe. Waligombana sana juu ya jambo hili. Mimi naona kila upande ulikuwa na sehemu ya haki yake, lakini mzee aliyengoja kwenda sokoni hakuweza kungoja waishe kubishana. Sheria nayo ilikuja: tarehe 20 Mei 2021 rais Joe Biden alitia sahihi sheria ya kuharakisha kazi ya kuchunguza makosa ya chuki na kurahisisha namna ya kuyatangaza. Mwaka ule ule, Illinois lilikuwa jimbo la kwanza kuagiza kwamba watoto wa shule wafundishwe historia ya Wamarekani wenye asili ya Asia. Mtoto anayejua Rock Springs hatamwambia mwenzake « rudi kwenu » bila kufikiri.

Sasa tufike kwa jambo ambalo wewe unaweza kutumia kesho asubuhi. Chama kimoja cha New York, kilichoitwa Hollaback wakati ule, pamoja na chama cha Asian Americans Advancing Justice, kilifundisha watu wengi namna ya kufanya wanapoona mwenzao anasumbuliwa. Hawakusema upigane. Walisema kuna njia tano, na nyepesi kupita zote ni kuleta jambo lingine: muulize anayesumbuliwa saa ngapi, ao njia ya kwenda posta, jifanye unamjua. Usiongee na yule mwenye matusi hata kidogo. Mara nyingi anakosa nguvu, kama moto uliofunikwa na mchanga. Unaweza pia kumwita mtu mwingine mwenye mamlaka pale: mwenye basi, mlinzi, kapita. Unaweza kuandika ao kupiga picha ya mambo yanavyopita, lakini picha ile ni mali ya aliyeumizwa. Usiitembeze katika simu za kambi nzima bila yeye kukubali. Hilo naliona mara nyingi, na ni kumpiga mtu mara ya pili. Kama hukuweza kufanya kitu wakati ule, mfuate baadaye, muulize kama yuko salama, kaa naye kidogo. Na njia ya tano, kumkataza mtu wazi, uitumie kama hakuna hatari, kwa maneno machache, kisha umgeukie aliyeumizwa.

Yule mama mjane wa baraza yetu hakufundishwa na mtu. Alifanya njia ya kwanza kwa maneno manne.

Pengine unasema: haya ni mambo ya Marekani, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu sisi Wakongo tumewekewa kosa la ugonjwa mbele ya watu wengine. Mwaka 1976, waganga walipokuta ugonjwa mpya Yambuku, katika Equateur, hawakutaka kuupa jina la kijiji kile, watu wa pale wasiogopwe milele. Walichukua jina la mto, Ebola. Walifanya vema, lakini haikutosha. Mwaka 2014, wakati Ebola ilipokuwa Afrika ya magharibi, watoto wawili wa asili ya Senegal walipigwa katika shule ya New York huku wenzao wakiwaita « Ebola ». Senegal ilikuwa na mgonjwa mmoja tu, naye alipona. Na mwezi wa nne 2020, mwezi ule ule wa kidole cha yule fundi, Waafrika katika mji wa Guangzhou, China, walifukuzwa ndani ya nyumba walizolipia, wakalala njiani, kwa sababu watu walisema Mwafrika ana corona. Kwa hiyo Mchina alitengwa kwetu na Mwafrika alitengwa kwao, kwa ugonjwa mmoja.

Ni kwa sababu hii Shirika la Afya la Dunia liliagiza mwaka 2015 kwamba ugonjwa mpya usipewe jina la nchi, la watu wala la mnyama. Ndiyo maana waliuita COVID-19.

Wazazi, watoto wenu wanapoona Mchina barabarani wanapiga kelele « Shinwa! Shinwa! » na wengine wanarusha mawe madogo. Mnacheka. Najua kuna malalamiko ya kweli juu ya kazi na mishahara katika kampuni nyingi, za Wachina na za wengine. Yapelekeeni sendika, na majina na tarehe. Jiwe la mtoto halipeleki malalamiko popote.

Katika daftari la aksida la dispansere yetu nimefungua kurasa za nyuma. Ukiona mtu, Mchina, Mkasai, Mzambia, yeyote, anasumbuliwa kazini ao njiani juu ya asili yake, njoo uniambie baada ya posti. Nitaandika tarehe, saa na mahali. Jina lako sitaliandika kama hutaki.

Kidole cha yule fundi kilipona baada ya majuma matatu. Kila alipokuja kubadilisha kitambaa, alisimama kwanza mlangoni kutazama kama yule mama yuko kwenye kiti.